Bunduki ya kwanza ya trapu, na bega linalouma

SWALI: Maalim, assalamu alaykum. Mimi ni mkaazi wa Wete, umri wangu miaka 34. Kila mwaka hukaa Muscat miezi miwili au mitatu kwa ami yangu kwa shughuli za biashara, na huko binamu zangu wamenitia katika mchezo wa trapu, wa kuvunja kwa bunduki visahani vinavyorushwa hewani. Mpaka sasa natumia bunduki ya kukodi ya uwanjani, na siku nikipata sana navunja visahani 11 katika 25. Bega linaniuma mpaka siku ya tatu. Ami anataka kunipa bunduki yake ya zamani, ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, aliyoirithi kwa babu. Muuzaji mmoja naye ananishauri ninunue nusu otomatiki, ile inayojipakia risasi yenyewe, ya kaliba 20, kwa kuwa ni nyepesi na haiumizi. Nichukue ipi, au ninunue nyengine kabisa?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Usichukue hata moja kati ya hizo mbili. Itakayokufaa ni bunduki ya marisau, yaani ya kutoa punje ndogo nyingi kwa mpigo mmoja, ya kaliba 12 (kaliba ni kipimo cha upana wa mtutu), yenye mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu na mwengine chini, urefu wa mitutu sentimita 76, uzito usiopungua kilo 3.5, na kitako ambacho mgongo wake unaweza kupandishwa na kushushwa. Hata hivyo usitoe fedha yoyote kabla hujajua bega lako linauma kwa sababu gani. Katika yote uliyoniandikia, hilo la bega ndilo lililonieleza zaidi kuhusu bunduki unayoihitaji, na muuzaji wako amelisikia akalitafsiri kinyume.

Tuanze na teke lenyewe. Bunduki inapolia, marisau, kizibo chake na gesi ya baruti hutoka mbele kwa kasi, na bunduki hulazimika kurudi nyuma kwa msukumo ulio sawa na huo. Risasi ya trapu yenye marisau ya gramu 24, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa katika trapu ya Olimpiki, ikitoka kwa kasi ya mita 400 hivi kwa sekunde katika bunduki ya kilo 3.6, humpiga mpigaji kwa nishati inayokaribia jouli 22. Ukichukua risasi ya gramu 28 ukaitia katika bunduki ya kilo 3, nishati hiyo inafika kiasi cha jouli 35, yaani zaidi ya mara moja na nusu. Utaona kwamba katika hesabu hii neno kaliba halijatajwa hata mara moja. Kinachoamua ni uzito wa kinachotoka, kasi yake, na uzito wa bunduki inayobaki mikononi mwako. Kaliba 20 yenye kilo 2.8 inayopiga marisau ya gramu 24 itakuumiza zaidi kuliko kaliba 12 yenye kilo 3.6 inayopiga gramu hizo hizo, na muuzaji anayeusifu wepesi wa bunduki kama dawa ya bega anakuuzia ugonjwa wenyewe. Ni kweli kwamba nusu otomatiki inayotumia gesi hulainisha teke, kwa sababu sehemu ya nguvu hutumika kusukuma mitambo ya ndani na msukumo huenea katika muda mrefu kidogo. Nitalirudia hilo baadaye.

Uzito, lakini, ni nusu ya habari tu. Nusu ya pili, ambayo kwa wanaoanza naiona kuwa kubwa zaidi, ni namna kitako kinavyokaa mwilini. Siku ukitoka uwanjani, vua shati usimame mbele ya kioo, uangalie wekundu uko wapi. Ukiwa katika kile kibonde laini baina ya mtulinga na kiungo cha bega, bunduki ilikaa mahali pake, na maumivu ni ya uzito wa risasi au ya mwili ambao haujazoea. Ukiwa nje, juu ya msuli wa mkono, ama kitako ni kirefu mno kwako ama unakipachika vibaya. Mfupa wa shavu ukiuma pamoja na bega, basi mgongo wa kitako, pale unapolaza shavu, hauna kimo kinachokufaa, nawe unainua kichwa na kukirudisha kila unapopiga, shavu likikutana na mti uliokwisha anza kurudi nyuma. Bunduki za kukodi hutengenezwa kwa mtu wa wastani, na huyo mtu wa wastani sijapata kukutana naye katika miaka yote niliyofundisha.

Fikiria kanzu. Ya dukani utaivaa na utasali nayo, lakini ile aliyokukatia fundi aliyekupima mabega huikumbuki kuwa umeivaa. Bunduki ya trapu inataka kukaa namna hiyo, na sababu yake si starehe. Katika trapu hulengi kwa kufumba jicho moja kama mwenye bunduki ya risasi moja, bali unakitazama kisahani kwa macho yote mawili na bunduki inafuata. Hakuna alama ya nyuma ya kulengea. Jicho lako lenyewe ndilo alama ya nyuma. Jicho likihama kwa nusu sentimita, kupanda, kushuka au kwenda pembeni, ni kama mtu amekigonga kilengeo cha nyuma kwa nyundo, na mita 35 mbele yako marisau yatapita zaidi ya sentimita 15 mbali na ulipodhani umepiga. Kisahani chenyewe kina kipenyo cha sentimita 11.

Kwa hiyo upimaji ndio ununuzi. Ukiwa na bunduki uliyoihakikisha kwa macho na kwa kidole kuwa haina kitu katika mitutu yote miwili, simama kama unavyosimama uwanjani, fumba macho, ipandishe begani na ulaze shavu, kisha fumbua macho bila ya kusogeza chochote. Unachotakiwa kukiona ni kile kishanga cha mbele, kilicho kwenye ncha ya mtutu, kikiwa katikati kabisa, na reli iliyo juu ya mtutu ikionekana kwa wembamba tu, kama barabara unayoitazama kutoka usawa wake. Ukiona mgongo wa chuma cha nyuma badala ya reli, kitako kimeshuka mno. Ukiona reli pana kama ubao wa baraza, kimepanda mno. Kishanga kikiwa kulia au kushoto, tatizo ni mpindo wa kitako wa kuelekea pembeni, na huo hurekebishwa na fundi. Baina ya ncha ya pua na kifundo cha dole gumba kinatakiwa kubaki kiasi cha vidole viwili hadi vitatu. Sisi wa pwani tunalo jambo moja letu hapa: vitako vingi hukatwa kwa ajili ya watu wanaopiga wakiwa na makoti ya baridi, na mtu aliyevaa fulana nyembamba anaweza kuhitaji kitako kirefu zaidi kwa sentimita moja kuliko Muitaliano wa kimo chake. Vipande vya kuongezea chini ya mpira wa kitako ni rahisi kupatikana, na kwa kawaida kuongeza ni kazi nyepesi kuliko kupunguza.

Kabla ya hayo yote pima jicho. Nyoosha mkono, elekeza kidole kwenye kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, kisha fumba jicho la kushoto. Kidole kikibaki palepale, jicho lako la kulia ndilo linaloongoza. Kikiruka, linaloongoza ni la kushoto, na kwa mtu anayepachika bunduki bega la kulia hiyo ndiyo sababu inayoweza kueleza visahani 14 vinavyokuponyoka kuliko kasoro yoyote ya bunduki. Hilo lina matibabu yake, kuanzia kuhamia bega la kushoto hadi kubandika kipande cha utepe kwenye kioo cha miwani, na si jambo la kuficha.

Sasa bunduki ya ami yako. Natambua kwamba kukataa zawadi ya mzee, tena yenye historia ya babu, ni jambo zito, lakini ningekuomba uipokee kama kumbukumbu na usiitie risasi. Bunduki nyingi za zamani za aina hiyo zilichongewa chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, ya milimita 65, wakati risasi zinazouzwa leo kwa wingi ni za milimita 70. Wengi hudanganyika hapa kwa sababu risasi ya milimita 70 huingia katika chemba fupi bila ya tatizo lolote: kipimo kinachoandikwa kwenye boksi ni urefu wa ganda likiwa limeshafunguka, si likiwa bado limekunjwa mdomo. Inapopigwa, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kukunjuka, hubana njia ya marisau, na shinikizo hupanda ndani ya chuma ambacho pengine kimekula kutu kwa miaka 60 bila ya mtu kujua. Kama mitutu yake ina michirizi mithili ya mawimbi au ya punje za mti, basi huenda ni ile ya kusokotwa kwa nyuzi za chuma, iliyotengenezwa zama za baruti nyeusi. Fundi wa silaha anaweza kupima chemba na unene wa kuta na kusoma mihuri ya majaribio iliyo chini ya mitutu. Hata ikitoka salama, bado itakuwa nyepesi, yenye kitako kilichoshuka, na pengine yenye vifyatulio viwili. Bunduki nzuri ya kumfuata ndege shambani, lakini inayokuchosha katika visahani 100 vya asubuhi moja.

Kwa nini nasema mitutu iliyopandana na si nusu otomatiki, ilhali nimekiri kwamba nusu otomatiki ina teke laini? Kwanza ni usalama unaoonekana. Bunduki ya mitutu iliyopandana hukunjuka katikati, na ikiwa imefunguliwa na kulazwa mkononi, kila mtu uwanjani anaona kuwa haiwezi kulia, na hiyo ndiyo adabu ya kwanza ya mchezo huu. Pili, nusu otomatiki humtupia maganda ya moto jirani yako wa kulia, naye anajitahidi kutuliza akili. Vipo vizuizi vya kuyadaka, lakini ni kitu kimoja zaidi cha kusahau nyumbani. Tatu, mitutu miwili hukupa choki mbili tofauti, yaani mbano wa mdomo wa mtutu unaozuia marisau yasitawanyike upesi, ya karibu na ya mbali, na katika trapu ya Olimpiki, ambako unaruhusiwa risasi mbili kwa kila kisahani katika raundi za mchujo, hiyo ni faida ya kweli. Nne ni utunzaji: nusu otomatiki ina pete, matundu ya gesi na springi, na vyote vinataka kusafishwa masizi. Kama baada ya kupima kitako na kupunguza uzito wa risasi bega bado linakataa, hasa kwa mtu aliyewahi kuumia kiungo, nitakuwa wa kwanza kukushauri nusu otomatiki ya gesi, lakini ya kaliba 12.

Kuhusu kaliba yenyewe, namba hiyo ina asili ambayo wazee wetu waliozoea kupima kwa ratili wangeifahamu mara moja: kaliba 12 maana yake ni kwamba tufe 12 za madini ya risasi, kila moja ikiwa na upana wa ndani ya mtutu, hutimiza ratili moja. Kaliba 20 zinahitajika tufe 20, kwa hiyo mtutu ni mwembamba, kiasi cha milimita 15.6 dhidi ya 18.5. Gramu 24 katika mtutu mwembamba hukaa kwa safu ndefu, na safu ndefu kwa kawaida haienei vizuri kama fupi. Ipo na hatari ambayo kila mwenye nyumba yenye bunduki mbili lazima aijue: risasi ya kaliba 20 ikiingizwa kwa bahati mbaya katika bunduki ya kaliba 12 huteleza ikapita chemba na kukwama mbele, mtu akidhani hajatia kitu huweka ya kaliba 12 nyuma yake, na mtutu hupasuka. Kwa sababu hiyo maganda ya kaliba 20 yamezoeleka kuwa ya rangi ya manjano. Usizichanganye katika mfuko mmoja.

Choki zisikusumbue. Chukua bunduki yenye choki za kubadilisha, uweke nusu katika mtutu wa kwanza na robo tatu katika wa pili, yaani mbano wa takriban milimita 0.5 na 0.75, na usiziguse kwa mwaka mzima. Marisau ya milimita 2.4 ndiyo mazuri ya kuanzia, na risasi moja ya gramu 24 hubeba takriban punje 300. Jambo la kuangalia ni kwamba bunduki nyingi za trapu hutengenezwa zipige juu kidogo ya zinapoelekezwa, asilimia 60 au 70 ya marisau yakipita juu ya kishanga. Visahani vya trapu hukimbia mbele vikipanda, na bunduki ya namna hiyo hukuwezesha kukivunja kisahani huku ukikiona juu ya mtutu badala ya kukifunika. Mtu asiyejua hilo hupiga karatasi, huona marisau yamepanda, akarudi dukani kulalamika.

Majina ya viwanda nitayapita haraka, kwa kuwa kitako kisichokufaa hakifai hata kikiwa na jina kubwa. Beretta ya Gardone Val Trompia, nchini Italia, ina kumbukumbu ya biashara ya mitutu tangu 1526, na bunduki zake za mfululizo wa 680 zimeenea kiasi kwamba vipuri si shida. Browning nyingi za mitutu iliyopandana hutengenezwa na Miroku huko Japani, na ni ngumu kuchakaa. Perazzi ni ya watu waliokwisha jua wanachokitaka; Ennio Mattarelli alitwaa nayo dhahabu ya trapu Tokyo mwaka 1964, na bei yake inalikumbuka jambo hilo. Bunduki za Uturuki zimeteremsha bei ya kuanzia, lakini ubora wake hutofautiana sana baina ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo kila moja ikaguliwe peke yake. Mimi bunduki yangu ya kwanza niliinunua kwa macho: mitutu mifupi ya sentimita 66, ndege wa dhahabu ubavuni, kilo 3 kasorobo. Muuzaji aliisifu kwa saa nzima na hakuniambia hata mara moja niipandishe begani. Nilikaa nayo misimu miwili, nikajifunza kufumba macho kabla ya kufyatua, na kuiacha tabia hiyo kulinichukua muda mrefu kuliko kuipata.

Ukikuta iliyotumika, ivue ile sehemu ya mti ya mbele, uifunge, uitikise karibu na sikio: isisikike kulegea popote. Ielekeze kwenye mwanga utazame mahali mitutu inapokutana na chuma cha nyuma, mwanga usipenye. Itundike mitutu peke yake kwa kidole na uigonge kwa kijiti. Ikilia kama kengele, reli zimeshika, na ikitoa sauti ya chungu kilichopasuka, zimeachia. Tazama ndani kwa madoa ya kutu na mabonde. Mkono wa kufungulia, katika bunduki isiyochoka, mara nyingi hukaa kidogo kulia mwa mstari wa katikati. Ukiwa umehamia kushoto, imefanya kazi nyingi.

Sheria iwe mbele ya fedha. Tanzania inayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hakuna zawadi ya ami wala risiti ya duka inayosimama badala ya leseni. Usiingize bunduki wala risasi, hata ganda moja lililosahauliwa mfukoni mwa begi, bila ya kibali mkononi, na uanze kwa kwenda Polisi kuuliza kabla ya kulipa hata arubuni. Kwa upande wa Oman, ambako ndiko utakakopiga, muulize mwenye uwanja masharti ya mgeni na kama silaha inaweza kuhifadhiwa katika ghala lao. Mtu anayecheza miezi mitatu kwa mwaka hana haja ya kusafiri nayo.

Ikiwa siku moja utapata kuiweka Pemba kihalali, adui yako ni hewa. Chumvi ya bahari na unyevu wa masika huanza kula chuma kilichoguswa na jasho katika siku moja au mbili. Usiihifadhi ndani ya mfuko wake wa kitambaa au wa ngozi, kwa sababu mfuko hunywa unyevu na kuulaza juu ya chuma. Iweke katika kabati la chuma lenye kufuli, risasi zikiwa kando na zimefungiwa peke yake, na iwe imepanguswa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi. Mafuta ya cherehani yanafaa ukikosa ya silaha. Mafuta ya nazi hayafai hata kidogo, kwa kuwa huganda kwenye baridi kidogo, huchacha, na hunata vumbi katika mitambo. Baada ya kushika marisau nawa mikono kabla ya kula au kubeba mtoto, maana ni madini ya sumu, na usipige hata risasi moja bila ya vizibo vya masikio na miwani.

Utakaporudi Muscat, omba uwanjani wakutafutie bunduki ya kukodi yenye kitako cha kurekebishwa, mwalimu akupimie mbele ya kioo, na upige raundi nne za visahani 25 kwa risasi za gramu 24 tu, siku mbili tofauti. Andika mahali penye wekundu na idadi ya visahani kila siku. Vipimo vya kitako vilivyowekwa siku ambayo bega halikuuma uvinakili kwa milimita, uende navyo dukani, na bunduki yoyote ambayo haiwezi kufikishwa kwenye vipimo hivyo uirudishe rafuni kabla muuzaji hajaanza kukuonyesha nakshi.